Wifi Yangu na Kitabu cha Kinamasi

Wifi yangu alikuwa mshona magodoro, na mtaa mzima ulimwita Pamba, ingawa alichokuwa akijazia magodoro ni sufi. Sufi ilimkaa kwenye nyusi, kwenye masikio, kwenye ukosi wa gauni. Akikupita karibu unapiga chafya. Watoto walimwita shangazi Pamba, wateja walimwita fundi Pamba. Mimi nilimwita wifi, na nikikasirika nilimwita "wewe dada wa mtu," kumkumbusha kwamba niliolewa na kaka yake, sikuolewa na yeye. Naye hakukubali kushindwa. "Kaka yangu alikuchagua gizani," ananiambia, "mimi ndiye niliyebaki kukutazama mchana."

Kaka yake alipofariki, watu walikaa mkao wa kusubiri vita. Mawifi wawili, nyumba moja, jiko moja! Walisubiri mpaka wakachoka. Yeye hakuwa ameolewa, mimi sikujaliwa mtoto, na nyumba ilikuwa na vyumba viwili vinavyotazamana. Kila mmoja alikuwa na mlango wake wa kufunga akinuna, na hilo tu likatosha kutupatanisha.

Kazi yake aliifanyia kwenye baraza ya nyuma, chini ya mabati. Palikuwa na mkeka mpana, magunia ya sufi yaliyoegemezwa ukutani, fimbo ya kuchambulia, mikasi mizito ya kukatia kitambaa cha mistari, na shazia, ile sindano ndefu ya magodoro ambayo ikikuchoma mara moja unaikumbuka maisha. Mimi nilisafisha ofisi za kampuni moja ya bima. Nilitoka alfajiri na saa nne asubuhi nilikuwa nimerudi, mikono inanuka sabuni ya sakafu. Nakaa kwenye kigoda, nanyoosha miguu, namtazama akishona. Huo ndio ulikuwa wakati wetu.

Mambo yalianza siku alipoitwa kushona upya magodoro ya bweni la chuo cha misitu, mbali na mji. Alikaa huko karibu wiki nzima. Aliporudi nilitegemea masimulizi, maana wifi yangu akienda sokoni tu anarudi na habari za kutosha mpaka jioni. Safari hii hapana. Akafungua mzigo wake, akatandika mkeka, akaanza kuchambua sufi.

"Vipi, walikunyima chakula?" nikamuuliza.

"Wifi, kule kuna watu kazi yao ni kuangalia mti unavyokua."

"Na wewe kazi yako ni kuwalaza watu. Kuna ubaya gani?"

"Wanavaa mabuti. Wanawake wenzangu, wamevaa mabuti, wameinama kwenye miche, kila mche una kibao chake. Mmoja kaniuliza kama napenda kubaki. Alikuwa anatania." Akapiga sufi kwa fimbo. "Sijui kama alijua alichosema."

Nikajua pale pale kwamba nimempoteza, ila sikujua itachukua muda gani.

Chuo kile kilitaka cheti cha sekondari. Pamba aliachia shule njiani alipokuwa msichana, akarudi ukubwani kwenye masomo ya jioni, akayapasua masomo yote isipokuwa somo la lugha. Lugha ilikuwa imemwangusha mara mbili. Sasa chuo hakikuchukua mtu aliyevuka miaka thelathini na tano, na yeye alikuwa anaukaribia mstari huo. Ulikuwa umebaki mtihani mmoja. Akifaulu, anaondoka. Akianguka, atashona magodoro mpaka magodoro ya sponji yamalize kazi ya kumfukuza, maana tayari yalikuwa yameingia madukani, mepesi, yamekunjwa kama vitambaa, na wateja walianza kumpita mlangoni wakiwa wameyabeba kichwani bila hata haya.

Masomo ya jioni yalifanyikia kwenye shule ya msingi, watoto wakishatoka. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mimi nilikwenda kumchukua Pamba turudi pamoja, na nikiwahi nilikaa benchi la nyuma. Mwalimu hakujali. Nilimaliza darasa la saba, na nilimaliza vizuri; mwandiko wangu ulibandikwa ukutani wageni wausome. Kwa hiyo sikuona aibu kukaa darasani, ila sikufungua mdomo.

Mwalimu mwenyewe aliitwa Mwalimu Kwanini. Mwembamba, shati limejaa chaki mpaka mgongoni, sijui aliifikishaje huko. Ukijibu swali lake, hata ukiwa umejibu sawa, anakuuliza, "Kwa nini? Nionyeshe kwenye kitabu." Mwanafunzi mmoja waliyemwita Dereva, ambaye aliendesha lori la mizigo na alisoma ili apandishwe awe msimamizi, alisema hata mkewe ameanza kumwogopa, kwa sababu akiulizwa alikuwa wapi anajibu, "Nionyeshe kwenye kitabu."

Mwaka huo kitabu cha mtihani kilikuwa kipya, hata mwalimu hakuwa amekisoma. Hakikuwa hadithi. Kiliandikwa na mzee mmoja mfanyakazi wa reli aliyestaafu, akajenga kibanda kando ya kinamasi, akakaa mwaka mzima akiandika anachokiona. Vyura. Mafunjo. Ukungu. Maji yanavyopanda na kushuka kwenye nguzo aliyoichimbia ukingoni. Basi. Hakuna harusi, hakuna mwizi, hakuna mtu anayemdanganya mwenzake.

"Kurasa nne nzima za chura," Pamba alinung'unika jioni ya kwanza. "Mtu mzima, ametoka kwenye reli na akili zake, anakaa kumsikiliza chura!"

"Pengine treni zilimchosha kwa kelele," nikasema.

"Na huyo chura anafanya nini kama si kelele?"

Kitabu kilikuwa kimoja kwa darasa lote. Vingine vilikuwa vinakuja, na viliendelea kuwa vinakuja mpaka mtihani ulipopita. Mashine ya kunakili ya shule ilikuwa imekufa. Wakakaa wanakitazama pale mezani kama wagonjwa wanaotazama kidonge kimoja. Ndipo Pamba akakichukua, akakifungua katikati, akachungulia mgongo wake kwa ndani.

"Hiki kimeshonwa," akasema. "Kimeshonwa kama godoro. Mafungu mafungu. Nikikata uzi huu, kila mtu anapata fungu lake."

Mwalimu akasita, akatazama dirishani, akasema kwa sauti ndogo, "Fanya."

Akaja nacho nyumbani. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Alikata uzi kwa ncha ya mikasi, taratibu, kitabu kikaachia mafungu. Kila fungu akalitengenezea jalada la kitambaa cha mistari, akalishona kwa uzi wa magodoro ambao hata ng'ombe hawezi kuukata. Halafu, kwa kuwa karatasi zilikuwa zimechomoza chomoza, akafanya anachofanya kwa kila kitu kinachopita mikononi mwake: akasawazisha kingo. Juu, chini, pembeni, kwa ile mikasi mikubwa, kra, kra, kra. Vikatoka vijitabu vizuri, vimenyooka, unatamani kuvilalia. Darasa lilimpigia makofi. Wakagawana, kila mmoja na fungu lake, wakakubaliana kubadilishana kila wiki, na kila aliyesoma awasimulie wenzake.

Nyumbani tulisoma namna yetu. Pamba hakuweza kushika kitabu na sufi kwa wakati mmoja, kwa hiyo mimi nilisoma kwa sauti na yeye akashona. Nikimaliza ukurasa namuuliza maswali, naye ananijibu shazia ikiwa mdomoni. Hivyo ndivyo kitabu kile kilivyoingia nyumba yetu, kwa sauti yangu. Na nilisoma vizuri, msinione hivi. Penye kituo nilitua, penye ukungu nilishusha sauti.

Sijui ni siku gani alipoacha kunung'unika. Nadhani ni kwenye fungu la ukungu, pale mzee anapoamka asubuhi asione hata mkono wake, anasimama mlangoni anasikiliza maji. Nilipoinua macho, Pamba alikuwa ameacha kushona.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Wifi, wewe umewahi kusikia maji yakiwa kimya?"

"Nimesikia bomba likikatika."

Hakucheka. Akaangalia ukuta wa jirani, ule wa matofali yasiyopakwa chokaa, kana kwamba nyuma yake kuna kitu. Tangu siku hiyo alianza kuwaza kwa sauti. Mafunjo yana urefu gani. Kereng'ende anatua wapi mvua ikinyesha. Mtu ambaye maisha yake yote hajatoka kwenye mitaro na mabati, anakumbuka mahali ambapo hajawahi kufika, anapakumbuka kama kwao. Mimi nilimtazama nikahisi wivu, na wivu wenyewe nilikuwa nayaonea matete.

Katika kile kitabu kulikuwa na korongo. Ndege mrefu, mguu mmoja umepinda, alichechemea. Mzee hakumpa jina, alimwita tu "yule anayechechemea." Pamba alimpenda korongo yule kupita kiasi. Fungu lililokuwa kwake wakati huo lilieleza jinsi mvua zilivyoanza, maji yakapanda kwenye nguzo, na asubuhi moja korongo akashuka kutoka angani, akasimama kwenye maji kwa ule mguu wake mzima, na mzee akafurahi mpaka chakula kikamuungulia jikoni. Tulilisoma fungu lile zaidi ya lilivyostahili.

Wiki hiyo palikuwa na mjadala darasani. Mwalimu aliuliza ni kitu gani kimewagusa. Dereva akanyoosha mkono wake mnene.

"Mimi nimesikitika yule korongo alivyokufa."

Pamba akageuka na dawati lake. "Amekufa nani?"

"Korongo. Mguu kombo."

"Dereva, wewe una usingizi wa barabarani. Korongo yuko hai, amekuja na mvua, tumemsoma jana."

"Dada yangu, mimi nimesoma wiki iliyopita. Maji yamekauka, mzee amekuta manyoya kwenye matete."

"Basi amefufuka."

"Ndege hafufuki!"

"Kwa nini?" akasema Mwalimu Kwanini, na mara hii alikuwa anauliza kwa dhati. "Nionyesheni kwenye kitabu."

Wakafungua. Hapo ndipo ilipoonekana. Sura za mzee hazikuwa na namba, zilikuwa na majina tu, Vyura, Ukungu, Upepo wa Mchana. Namba za kurasa zilikuwa chini kabisa, ukingoni. Na ukingo wa chini ulikuwa umebaki kwenye mkeka wetu, umefagiliwa pamoja na vumbi la sufi.

Pamba alifunika uso kwa viganja vyote viwili. "Nimesawazisha," akasema kutoka ndani ya viganja. "Jamani, nimesawazisha."

Mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wenye chaki, chaki ikamwingia machoni, akalia kweli. Mlinzi wa ghala, ambaye kwa kawaida alisinzia tangu mwanzo wa kipindi, akaamka akauliza kama tumefaulu. Ndipo Mwalimu Kwanini akavua viatu, akasogeza madawati, akayapanga mafungu sakafuni, na watu wazima wote wakapiga magoti kuyazunguka. Kazi ikawa kuupanga mwaka wa yule mzee upya, bila namba. Wakatafuta nguzo. Hapa maji yako kwenye alama ya juu, pale yameshuka, hapa nguzo imesimama kwenye tope lililopasuka. Fungu kwa fungu, wakibishana, wakisukumana, "hilo lipeleke huku," "hapana, huoni mayungiyungi yamechanua?" Sijaona tena watu wakisoma kitabu kwa mikono na magoti namna ile.

Mwishoni mwaka ukanyooka. Fungu la mvua, la korongo kushuka, lilikaa karibu na mwanzo. Fungu la manyoya lilikaa mwisho kabisa.

Darasa likapiga makofi. Pamba hakupiga. Alibaki amepiga magoti mbele ya lile fungu la mwisho, mkono wake juu ya jalada. Tulipofika mlangoni kwetu akasimama.

"Kumbe nilipokuwa namfurahia," akasema, "alikuwa ameshakufa siku nyingi."

Baada ya hapo zikaja insha, na insha ndizo zilizotutoa jasho. Maana mtihani haukutaka ukipende kinamasi, ulitaka ueleze mwandishi amefanya nini na ushahidi uko wapi. Pamba hakuweza. Aliulizwa mwandishi anaonyeshaje kupita kwa wakati, akaandika kwamba korongo huenda alihamia kinamasi kingine chenye maji, na kwamba yeye mwenyewe angekuwa na kibanda pale angemwachia samaki ukingoni. Kurasa mbili, nzuri mno, zilinitoa machozi. Mwalimu alipitisha kalamu nyekundu kutoka pembe hadi pembe, akaandika chini: "Kitabu hakisemi hivi. Wewe ndiye unayesema." Ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu aliandika, "Dada, utaanguka."

Jioni hiyo ya insha ya tatu, Dereva alitusindikiza hadi kwenye kona. Alikuwa mtu mwema, lakini mdomo wake haukuwa na breki nzuri kama za lori lake.

"Mama," akaniambia, Pamba akiwa ametangulia, "wewe nakushangaa. Kila siku unamsomea, unamuuliza maswali. Unajua akifaulu anakukimbia?"

"Najua."

"Si umwache tu aendelee na korongo wake aliye hai? Utabaki na fundi wako."

"Wewe nenda kalale, kesho una safari," nikamwambia. Lakini neno lake liliingia likakaa. Usione watu wazima wakatulia ukadhani hawasikii. Ilikuwa kweli. Sikuhitaji kufanya chochote. Nilihitaji tu kusoma lile fungu la mvua, kwa sauti yangu nzuri, mara nyingine na nyingine, mpaka siku ya mtihani.

Kesho yake niliporudi kutoka kazini nilimkuta anachapa sufi kama imemtukana. Manyoya meupe yalijaa hewani, yameshuka juu ya ndoo ya maji, juu ya nguo nilizoanika.

"Nimeghairi," akasema. "Nitashona magodoro. Hata sponji litachakaa, watu watarudi."

Nikachukua kigoda, nikakaa, nikafungua lile fungu la mwisho. Nikasoma. Tope limepasuka. Mzee anatembea kwenye matete yaliyokauka, anakuta manyoya, ya kijivu, matatu marefu na mengine mafupi. Anayaokota. Anakaa kwenye ngazi ya kibanda chake mpaka jua linazama. Siku ya pili anafunga mizigo.

"Korongo amefanya nini?" nikamuuliza.

"Hakuna mahali paliposema amekufa. Ni manyoya tu. Ndege hudondosha manyoya."

"Sikuuliza kama amekufa. Mzee alimwona tena?"

Akachapa sufi mara mbili.

"Wifi, nakuuliza. Alimwona tena?"

"Unanionea!"

Nikaliweka fungu mapajani. "Unakumbuka asubuhi ile baada ya kumzika kaka yako? Niliweka vikombe vitatu. Nilikuwa nimeshavipanga, namimina chai. Nyumba imejaa watu na hakuna aliyethubutu kunigusa. Ni wewe uliyenyoosha mkono ukakiondoa kimoja, ukasema, wifi, ni viwili sasa. Nilikuchukia siku hiyo, nilitamani nikumwagie ile chai. Lakini nisingesimama leo kama ungeniacha niendelee kuweka vitatu."

Aliacha kuchapa. Sufi iliendelea kushuka yenyewe, taratibu, ikamkalia kwenye nywele.

"Mzee alimwona tena?" nikauliza.

"Hakumwona," akasema wifi yangu.

"Andika hivyo."

"Na mimi ninachotamani nikiweke wapi?"

"Kipeleke chuoni. Huko ndiko kuna mahali pake. Kwenye karatasi ya mtihani hakuna."

Akaketi juu ya gunia, akalia, si sana. Kisha akajipangusa kwa upindo wa gauni, akaomba kalamu. Nilimpa yangu ya kazini. Akaandika insha nzima akiwa ameegemea godoro ambalo halijashonwa upande mmoja, na alipomaliza sufi ilikuwa imelitoka pembeni ikasambaa mpaka mlangoni. Ilikuwa insha kavu kama kuni. Mwalimu Kwanini aliirudisha bila alama hata moja nyekundu, na mwisho wa ukurasa ameandika neno moja tu, "Ndiyo."

Siku ya mtihani sikwenda kazini. Nilimwomba mwenzangu anishikie zamu, nikasimama nje ya lango na kina mama waliokuja kuwasubiri watoto wao. Mmoja akaniuliza, "Wako ni msichana au mvulana?" Nikamwambia msichana. Nilikuwa sidanganyi sana.

Alitoka uso umempauka.

"Waliuliza nini?"

"Waliuliza kama yule mzee aliondoka kinamasini akiwa amepata alichokitafuta." Akavuta pumzi. "Nikaandika kwamba hasemi popote alikuwa anatafuta nini. Anasema alichokiona. Nikataja nguzo, nikataja ukungu, nikataja manyoya, nikaonyesha kila kimoja kiko sura gani."

"Na korongo?"

"Nimeandika hakuonekana tena, nikaweka nukta." Akaniangalia. "Mkono uliniuma, wifi. Kalamu ilitaka kuendelea yenyewe."

Majibu yalipotoka, alikuwa amefaulu. Hakupaa, alipita tu, lakini mlango haukuulizi uliingia kwa mbio au kwa kutambaa. Dereva naye alifaulu. Mlinzi alisema atajaribu mwakani akiwa macho. Mwalimu Kwanini alikuja mpaka nyumbani kumpongeza, akakaa kwenye godoro la mteja, akasimama shati lake limejaa sufi pamoja na chaki, na Pamba alicheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu kaka yake akiwa hai.

Alivyoondoka sitaeleza. Watu huondoka, mnajua kunavyokuwa. Nitasema tu kwamba magunia yaliyobaki alimwachia fundi mwingine, mkeka ukakunjwa, na baraza ikawa kubwa kupita kiasi. Nilikuwa narudi saa nne na sabuni yangu mikononi, nakaa kwenye kigoda changu, sina wa kumsomea. Nilijaribu kusoma kwa sauti peke yangu, gazeti, tangazo la dawa, chochote. Sauti iligonga ukuta wa jirani ikarudi kama ilivyokwenda. Niligundua kwamba miaka yote ile sikuwa nimesikia kelele za mji, kwa sababu fimbo ya sufi ilizifunika.

Alikuja likizo ya kwanza. Alikuwa amekonda, amekuwa mweusi wa jua, miguu imechubuliwa na mabuti, na hakukuwa na unyoya hata mmoja wa sufi mwilini mwake. Nilimpitia kwa macho kutoka nyusi hadi ukosi nikitafuta. Alikuwa msafi kama mgeni.

"Unanikagua nini?" akasema. "Nimetoka chuoni, sijatoka jela."

"Naangalia kama wanakulisha."

"Wananilisha. Wewe nani anakulisha?"

Tulikaa barazani. Alisimulia kitalu chao, mche unavyonyanyuliwa kwa kijiko usikatike mizizi, mbegu ambazo hazioti mpaka zipitie moto. Aliongea haraka, mikono haina kazi, inatafuta kitu cha kushika. Asubuhi nilimkuta amesimama uani anatazama angani juu ya ukuta, na aliponisikia akageuka kwa aibu, kama mtu aliyekutwa anasoma barua ya mwenzake. Usiku alilala vibaya. Nilimsikia kupitia mlango wake, anajigeuza na kujigeuza, kwenye godoro alilolishona yeye mwenyewe.

Likizo ilikuwa haijafika nusu alipoanza kuizungukazunguka habari. Kuna kitalu kipya. Waliobaki ni wachache. Jua limekuwa kali na miche ni midogo.

"Nani amekuambia ujieleze?" nikamwambia.

"Nitarudi likizo ijayo, nitakaa mpaka mwisho."

"Utarudi ukirudi."

"Utasema nimekuacha."

"Nitasema wifi yangu yuko chuo cha misitu, na wenye wivu wajinyonge."

Akacheka, akanishika bega, akaliacha.

Nikamsindikiza stendi. Nilimbebea mfuko mmoja, na yeye akabeba uliobaki, na njiani alinitajia miti ya barabarani jina kwa jina. Miti ambayo nimepita chini yake tangu nilipokuwa msichana nikidhani ni miti tu. Nilitikisa kichwa kila mara, ndiyo, ndiyo, kumbe. Sikukumbuka hata jina moja. Nilikuwa nasikiliza sauti.

Basi lilikuwa halijajaa, viti vilikuwepo pande zote. Nilisimama upande wa jengo, kwenye kivuli, mahali ambapo mtu yeyote akikaa dirishani ataniona. Alipanda, nikaona kichwa chake kikipita dirisha la kwanza, la pili, la tatu. Halafu sikukiona. Alikuwa amekwenda kukaa upande wa pili, unaotazama barabara inayotoka mjini, na kule mwisho wake, juu ya mabati, vilele vya miti.

Mimi si mtu wa kupiga kelele stendi. Dereva wa basi alipowasha gari nikainua mkono, nikalipungia basi lote.